Namna ya kupunguza zebaki kwenye kuziba meno hata kama kliniki yako ni ndogo

Ile amalgamu ya rangi ya fedha tunayozibia meno, karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Sasa wengine wakisikia hivyo wanataka zote zitolewe leo leo, hapana jamani, iliyokaa vizuri mdomoni iache, ukianza kuichimba na drili ndo unatoa mvuke wa zebaki anaouvuta mgonjwa na wewe pia.

Anza na wagonjwa wapya. Kwa marekebisho ya 2022, Mkataba wa Minamata (ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki) unazitaka nchi wanachama zizuie amalgamu, au angalau zishauri isitumike, kwa meno ya utoto, watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, labda daktari aone hakuna namna. Na ile zebaki ya chupa ya kujichanganyia haitakiwi tena.

Mbadala rahisi ni glasi ayonoma (saruji ya kuzibia meno isiyo na zebaki) kwa njia ya ART, yaani kuziba jino kwa vifaa vya mkono tu, ambayo kwa taarifa yako ilianzia Tanzania miaka ya 1980, haitaki umeme wala drili. Unakwangua uozo laini kwa vifaa vya mkono, unasafisha shimo, unakausha kwa pamba (usikaushe kupita kiasi), unachanganya poda na maji yake fasta maana inaganda haraka, unajaza, halafu unapaka vaselini kwenye glavu na kukandamiza kwa kidole. Mwambie aume uone kama imezidi, punguza, na asitafunie upande huo kwa saa moja hivi. Ila tusidanganyane, kwenye tundu kubwa la pande mbili tatu za jino inawahi kuvunjika, hapo kama una taa na unaweza kuzuia mate tumia kompositi, ile ya rangi ya jino inayogandishwa kwa mwanga.

Mabaki ya amalgamu, pamoja na meno yaliyong'olewa yakiwa nayo, weka kwenye chombo chenye mfuniko unaobana, yasiende kwenye sinki wala kichomea taka, ukiyachoma zebaki inapanda hewani.

Bosi wa manunuzi akileta ubishi mwonyeshe kwamba glasi ayonoma iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu 2021, na asijaze stoo kapsuli za amalgamu kwa bei ya ofa, maana nchi wanachama zimeshakubaliana 2034 ndo mwisho wake.