Somo: Jinsi ya kwenda Katmai, Alaska, kuona dubu na kuvua samaki

Salaam wakuu. Niliahidi somo la Katmai, hifadhi ya taifa iliyoko Alaska, Marekani, hili hapa. Kabla ya yote shikeni jambo moja: safari hii hupangwa kwa kalenda ya samaki. Samoni wakiwa mtoni, dubu wapo. Ukikosea mwezi utafika na kukuta mto mtupu.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Mto Brooks, ulio ndani ya hifadhi hiyo, ni mfupi, kilometa mbili na nusu hivi, unatoka Ziwa Brooks kuingia Ziwa Naknek, na njiani una maporomoko ya kimo cha mtu mzima. Kuanzia mwishoni mwa Juni samoni wekundu hupanda kutoka baharini, Ghuba ya Bristol, kwenda kutaga. Wakifika kwenye maporomoko inabidi waruke, na dubu wanawangoja pale juu ukingoni, midomo wazi. Hiyo ni Julai. Agosti dubu wengi hutawanyika kwenda vijito vingine, kwa sababu samoni wa Brooks wameshapita na hawakamatiki kirahisi. Septemba wanarudi, lakini sasa wanakaa sehemu ya chini ya mto, wakiokota samoni waliokwisha kutaga, waliochoka au kufa kabisa.

Nilimwona dume mmoja Julai akimkandamiza samoni kwa kucha, akamvua ngozi kama mtu anavyovua soksi. Akala ngozi, ubongo na mayai, nyama akawaachia shakwe. Anatafuta mafuta, maana miezi ya kulala bila kula inakuja. Kufikia vuli dume mkubwa hupita kilo 450. Ukitaka kuona samaki akidakwa hewani, nenda Julai. Mimi ningerudi Septemba: watu wachache, na dubu wamenenepa mpaka matumbo yanakaribia kugusa ardhi.

Hatua ya 2: Weka nafasi

Eneo la mahema la Brooks Camp, kambi ya wageni kando ya mto huo, linachukua watu 60 tu, ndani ya uzio wa umeme. Nafasi hufunguliwa mtandaoni mwanzoni mwa Januari na za Julai huisha upesi sana, kwa hiyo siku hiyo kaa tayari na tarehe zako mkononi. Vyumba vya loji hugawiwa kwa bahati nasibu. Ukikosa vyote, kuna safari za kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Kiingilio cha hifadhi hakuna. Pesa yako itaishia kwenye ndege.

Hatua ya 3: Kufika

Barabara ya kufika Brooks Camp haipo. Ukiwa na viza ya utalii ya Marekani unafika Anchorage, unapanda ndege hadi mji mdogo wa King Salmon, kisha ndege ndogo inayotua majini inakushusha ufukweni mwa Ziwa Naknek. Ukungu na upepo husimamisha ndege hizo bila taarifa. Acha angalau siku moja ya ziada kila upande, na usikate tiketi ya kurudi nyumbani inayobanana. Beba nguo za mvua za uhakika, nguo za joto hata Julai, na chandarua cha kichwa kwa ajili ya mbu.

Hatua ya 4: Darasa la dubu

Ukishuka tu, kabla hujaenda popote, unapewa mafunzo na wahifadhi. Ni lazima kwa kila mgeni. Yadi 50, yaani kama meta 46, kati yako na dubu yeyote. Chakula hakitembei nawe njiani: kinahifadhiwa mahali maalumu na kinaliwa mahali maalumu. Dubu akionja chakula cha mtu mara moja atakitafuta tena, na mwisho wake anauawa yeye. Naomba sana mlichukulie hili kwa uzito.

Hatua ya 5: Kuvua

Mgeni mwenye miaka 16 na zaidi anahitaji leseni ya uvuvi ya jimbo la Alaska. Mto Brooks ni wa nzi bandia peke yake, yule wa manyoya anayefungwa kwenye ndoana. Samaki aina ya trauti unamrudisha majini. Samoni ukimchukua, usimpasulie mtoni. Anatiwa kwenye mfuko wa plastiki bila kukatwa na kupelekwa moja kwa moja kwenye jengo la friza.

Dubu akisogea unaacha kuvua. Kama samaki ameshanasa, unakata mshipi. Siku yangu ya pili nilikuwa na trauti mzuri, mshipi umekaza, nikaona majani yanatikisika upande wa pili. Nilikata bila kufikiri. Dubu anayejifunza kwamba fimbo ikipinda kuna samaki wa bure atamfuata kila mvuvi atakayekuja baada yako.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nikikutana na dubu ghafla njiani, nikimbie?
Usikimbie kamwe. Simama, ongea kwa sauti ya kawaida, rudi nyuma taratibu, kisha umpishe njia. Kwenye kona zenye vichaka piga makofi mapema akusikie.

Ile dawa ya pilipili ya kufukuzia dubu, naruhusiwa kupanda nayo?
Kwenye ndege za abiria za kawaida hapana, si mkononi wala kwenye mzigo. Rubani wa ndege ya majini mwambie kabla hujapanda. Huwa hawataki iwe ndani pamoja na watu.

Nina siku moja tu, inatosha?
Kuona dubu, ndiyo. Jukwaa la kutazamia dubu kwenye maporomoko linachukua watu 40, na kukiwa na foleni unapewa saa moja, halafu unajiandikisha upya. Nenda huko kwanza. Kuvua na kuona dubu kwa siku moja utakosa vyote viwili.

Dada hapa. Oktoba je, ndiyo likizo yangu?
Dada yangu, huduma za kambi hufungwa katikati ya Septemba. Omba likizo wiki mbili za mwanzo wa Septemba, na uombe sasa hivi.