Usiku wa mashairi mtaani: namna ya kuuandaa Lamu

Lamu haikosi watunzi. Kinachokosekana ni mahali ambapo kijana wa Langoni au Matondoni atasimama aghani beti zake, kisha aelezwe kwa haki alipopatia na alipoteleza. Mwongozo huu ni wa kikundi cha watu watano au sita wanaotaka kuandaa mashindano ya usiku mmoja: washairi 12, wasikilizaji wapatao 100.

Anzeni na tarehe. Ramadhani iacheni, watu wako tarawehe. Mfunguo Sita (Rabiul Awwal) ni wa Maulidi, mji umefurika wageni na kila mwenye sauti nzuri ana shughuli. Masika, Aprili hadi Juni, yatawaharibia uwanja wa wazi. Katika miezi iliyobaki, chagueni usiku wa mwezi mpevu. Umeme ukikatika, vichochoro vitapitika, na maji ya bamvua, yaani maji makuu, yatawasaidia washairi wa kisiwa cha Pate. Siku hizo maji hujaa kuelekea alasiri, kwa hivyo mashua ya Siyu itatoka na maji hayo na kurudi na maji ya alfajiri. Watafutieni wageni hao malazi mapema. Mshairi asiyejua atalala wapi haji, na akija hataghani kwa raha.

Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome ya Lamu, ni pazuri kwa kukusanya watu lakini sauti hupotea. Kwa mara ya kwanza ua wa ndani ya Ngome unafaa zaidi, kwa kuwa kuta zake huzuia upepo na kurudisha sauti. Uombeni kwa barua ofisi ya Makumbusho. Barua nyingine mpelekeeni chifu, na nakala mkuu wa kituo cha polisi, angalau siku 10 kabla. Ulizieni pia kibali cha vipaza sauti katika ofisi ya kaunti. Imamu wa msikiti ulio karibu msimwandikie, mwendeeni wenyewe. Anzeni saa mbili na nusu, Isha ikishasaliwa. Washairi 12 kwa dakika 5 kila mmoja ni saa nzima, kahawa nusu saa, matokeo na zawadi nusu saa. Saa nne na nusu watu wawe njiani kwenda makwao.

Kazi kubwa ni ya kabla ya usiku wenyewe. Tangazeni wiki 6 kabla, na kanuni ziwe chache: shairi la tarbia, yaani la mishororo minne kila ubeti, beti 6, kila mshororo mizani (silabi) 16: 8 za ukwapi, kipande cha kwanza, na 8 za utao, kipande cha pili. Vina vya kati na vya mwisho vilingane katika mishororo mitatu ya kwanza, na kituo, mshororo wa nne, kiwe kimoja hadi mwisho. Mwenye utenzi wa mizani 8 awekwe kundi lake, kwa sababu kuupima utenzi kwa kipimo cha tarbia ni kumwonea mtunzi.

Mashairi yapokewe wiki 3 kabla. Waamuzi wawili wayasome kwa penseli, waweke alama pembeni palipovunjika, kisha karatasi zirudishwe kwa wenyewe wiki 2 kabla. Nakala ya mwisho ifike siku 4 kabla ya mashindano. Wengi huiruka hatua hii kwa kuona inachosha, ilhali ndiyo inayofunza. Zawadi ataipata mmoja, lakini karatasi yenye penseli wataipata wote 12.

Kosa litakaloonekana sana ni la kuhesabu. Wanaoanza huhesabu irabu tu, wakasahau kwamba m na n zinazotamkwa peke yake nazo ni mizani. Chukua kipande hiki: *Mtoto wa mtaani*. Anayehesabu irabu atapata 6, aongeze neno la kujazia, na kipande kifike mizani 10. Hesabu sahihi ni M-to-to-wa-m-ta-a-ni, mizani 8 kamili. *Nchi* ni mbili, *mbwa* ni mbili. Lakini *mbele* ni mbili tu, si tatu, kwa maana m hapo imeungana na b. Maneno yenye asili ya Kiarabu kama *labda* na *alfajiri* huzua mabishano, basi waamuzi wakubaliane kabla ya kusoma. Njia ya kukata shauri ni kukiimba kipande kwa sauti, na sikio litasema kama kimepungua au kimezidi.

La pili ni lugha. Mshairi wa hapa ataandika *mato*, *mtana*, *ndia*, *mai*, na mwamuzi aliyezoea Kiswahili cha shuleni atashika penseli asahihishe. Asithubutu. Aliyetunga kwa kina cha *-to*, akapanga *moto*, *ndoto* na *mato*, ukimwandikia *macho* umemvunjia ubeti mzima. Waandikieni waamuzi wazi: lahaja za Kiamu na Kibajuni hazipunguziwi alama.

Waamuzi wawe watatu, mmoja awe mwanamke, na asiwepo mwenye jamaa shindanoni. Alama 100 zigaweni hivi: fikra na maudhui 40, mizani na vina 30, ufundi wa lugha 15, ughani 15. Zile 85 za mwanzo zitolewe kwenye karatasi jioni moja kabla, ili usiku wa mashindano wasikilize sauti tu. Mkiwaachia wahesabu mizani papo hapo, aliye na sauti tamu atashinda hata kama beti zake zinachechemea, na watu watajua.

Wapo kina mama na mabinti wanaotunga vizuri lakini hawapendi kupanda jukwaani. Waruhusuni walete mghani, na jina la mtunzi litajwe au lifichwe kwa hiari yake.

Kipaza sauti kimoja kinatosha. Spika ziwe mbele ya mshairi, zikimtazama msikilizaji. Zikiwa nyuma yake zitapiga mluzi. Kipaza sauti kikae vidole vinne kutoka mdomoni na kivalishwe sponji kuzuia upepo. Wekeni betri ya akiba. Kahawa chungu ya tangawizi lita 12 na tende kilo 4 zitatosha watu 100.

Wanasiasa wakija, wapeni viti vya mbele, msiwape kipaza sauti. Hata dakika mbili za salamu huwa ishirini, na mshairi wa mwisho ataghania viti vitupu.

Fedha mtakazochangisha madukani na hotelini zilipe kwanza nauli za mashua, kisha waamuzi, kisha sauti, na zawadi ziwe za mwisho. Nauli ilipwe mtu anaposhuka gatini, si baada ya shughuli. Anayetaka kurekodi au kuchapisha amwombe mtunzi saini kwanza, kwa kuwa shairi ni mali yake. Waliokubali, mashairi yao yachapeni kijitabu: nakala moja ya mtunzi, moja ya shule aliyosoma, moja ya maktaba ya Makumbusho. Chapeni ndani ya mwezi mmoja, kabla karatasi hazijapotea.