Namna ya kuhakiki gari la Kimarekani lililoongezwa nguvu na wakala kabla ya kutuma fedha

Yeyote aliyewahi kununua gari yadi hapa Dar es Salaam anajua kwamba kwanza hufunguliwa boneti, kisha namba ya chesisi hulinganishwa na ile iliyomo kwenye kadi. Kwa Chevrolet Camaro ya mwaka 1969 inayodaiwa kupitia kwa Don Yenko, wakala aliyeuza Chevrolet na kuziongezea nguvu, ukaguzi huo ni wa lazima lakini hautoshi, kwa kuwa namba ya chesisi inaeleza tu kwamba gari lina injini ya silinda nane, bila kutaja ni injini ipi. Camaro ya kawaida na ile ya Yenko zinapishana mno kwa bei, na waghushi wanalijua hilo vizuri.

Anza kwa kuelewa kwa nini magari haya yaliundwa na mawakala. Mwanzoni mwa mwaka 1963 kampuni ya General Motors ilijiondoa katika mashindano, na baadaye ikazuia injini zinazozidi inchi za ujazo 400, yaani karibu lita 6.6, katika magari yake madogo na ya kati. Wateja nao walitaka kushinda mbio za robo maili, mita 402 za barabara iliyonyooka, zilizosimamiwa na NHRA, chama kilichoanzishwa na Wally Parks mwaka 1951. Pengo hilo lilizibwa na mawakala: Yenko wa Canonsburg, Pennsylvania, Nickey wa Chicago, na Baldwin wa Long Island aliyeshirikiana na karakana ya Joel Rosen. Mwaka 1967 walichukua Camaro mpya, wakatoa injini yake na kufunga ile ya inchi 427, yaani lita 7, iliyokuwa ikitumika kwenye Corvette.

Mwaka 1969 mambo yalibadilika, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapochanganyikiwa. Yenko alitumia COPO, utaratibu wa oda maalumu uliozoeleka kwa teksi na magari ya polisi, ili injini ya 427 ifungwe kiwandani kwa oda namba 9561. Fred Gibb wa mji mdogo wa La Harpe, Illinois, akaagiza kwa oda 9560 magari 50 yenye injini ya ZL1 iliyoundwa kwa alumini, idadi ambayo NHRA iliitaka ili gari likubaliwe kushindana. Jumla zilitengenezwa Camaro 69 za aina hiyo. Bei yake ilizidi dola 7,000, hivyo sehemu kubwa ya oda ya Gibb ikarudishwa na kugawiwa mawakala wengine.

Kwa hiyo muulize muuzaji kwanza: injini ilifungwa kiwandani au kwa wakala? Kwa gari la 1967, ushahidi wako ni karatasi za wakala mwenyewe, yaani ankara, mkataba wa mauzo na kumbukumbu za karakana, na bila hizo mimi nisingelipa zaidi ya bei ya Camaro ya kawaida. Kwa gari la 1969, chuma chenyewe kina maelezo. Namba ya chesisi ya Camaro hizo huanza na 124379N, ambapo 9 ni mwaka na N ni kiwanda cha Norwood, Ohio. Ukikuta L, ya kiwanda cha Los Angeles, usiendelee na mazungumzo. Vilevile, oda hizo za COPO hazikuunganishwa na SS (Super Sport), kifurushi cha kawaida cha kiwandani cha Camaro za kasi, kwa hiyo anayedai kwamba gari lake ni vyote viwili hajui anachouza.

Kisha omba picha ya karibu ya ubapa mdogo ulio mbele ya bloku ya injini, upande wa kulia, chini kidogo ya silinda hedi. Hapo pamegongwa herufi na tarakimu kama T0325MN: T ni kiwanda cha Tonawanda, 0325 ni tarehe 25 Machi, na MN ni injini ya 427 yenye gia za mkono. MO ni ya gia otomatiki, ilhali ML na MM ni za ZL1. Tarehe hiyo lazima itangulie ile ya kibati cha bodi, kinachoonyesha wiki bodi ilipoundwa, ambapo 04A humaanisha wiki ya kwanza ya Aprili. Mwambie mpiga picha aelekeze tochi kutoka ubavuni, kwa sababu chuma halisi kina mistari myembamba inayokwenda sambamba, iliyoachwa na mashine ya kiwandani. Ubapa ukiwa laini kama kioo, au mikwaruzo yake ikiwa ya mviringo, basi umesagwa na huenda namba zimegongwa upya.

Gari lililoshindana sana huenda lilipoteza injini yake ya asili, na hilo si kosa ikiwa muuzaji analisema wazi na bei inalingana. Akikuonyesha karatasi za muda wa mbio, tazama pia mwendo wa kufikia mstari wa mwisho: muda hutegemea sana mshiko wa matairi, lakini mwendo huo huonyesha nguvu ya injini.

Ukitafuta gari la aina nyingine, kumbukumbu za kiwandani za Pontiac hupatikana PHS, huduma inayotunza hati za Pontiac, na kwa Ford za kuanzia 1967 ipo ripoti ya Marti, inayotokana na kumbukumbu za Ford.

Kabla ya kulipa, tumia kikokotoo cha TRA kukadiria ushuru, ukikumbuka kwamba gari kuukuu hutozwa nyongeza ya uchakavu. Injini ya 427 ya oda 9561 ina uwiano wa mgandamizo wa 11 kwa 1, kwa hiyo hakikisha utapata petroli ya oktani ya juu. Gari likishushwa bandarini, piga picha ubapa na namba ya chesisi ukiwa na wakala wako wa forodha, uzilinganishe na zile ulizotumiwa, kabla hujasaini kulipokea.