Kabla hujamwaga trafiki ya lodi balansa kwenye Lambda, cheki haya kwanza

Wakuu, tangu mwishoni mwa 2018 Application Load Balancer ya AWS (lodi balansa ya wingu la Amazon, inayogawa rikwesti za watu) inaweza kupeleka rikwesti moja kwa moja kwenye fankisheni ya Lambda (kodi yako ambayo AWS wanaikimbiza ikiitwa tu), hakuna seva ya kuwasha wala kuzima, sasa watu wakisikia hivyo wanaona ni kuunganisha tu halafu ukalale. Kuunganisha kweli ni dakika chache. Shughuli inaanza watu wakishaingia.

Kwanza kabisa jiulize wateja wako wanatuma nini. Bodi ya rikwesti (yaani data yenyewe anayotuma mteja) inayokwenda Lambda kupitia hapo haitakiwi kuzidi MB 1, na jibu linalorudi nalo mwisho MB 1. Mimi hili lilinikuta, nimetesti na vijeisoni vyangu (data ya maandishi ya JSON) vifupi vifupi mambo safi, siku ya kufungua watu wakaanza kupiga picha za risiti na kuzituma, na picha ya simu za siku hizi unaijua, MB tatu nne huko, basi ni 413 (erori ya rikwesti kubwa mno) mwanzo mwisho na simu yangu haipoi. Dawa ni kumpa mteja linki ya muda ya S3 (stoo ya mafaili ya AWS) apandishe faili huko mwenyewe, fankisheni yako ipokee jina la faili tu. Ila hilo liamue mapema kabisa, maana linagusa mpaka app iliyoko kwenye simu za watu na hiyo huwezi kuibadilisha usiku mmoja.

Jibu nalo lina umbo lake. Linatakiwa liwe JSON yenye statusCode, headers, body na isBase64Encoded, ukikosea hapo mteja anakula 502 (erori ya lodi balansa kukosa jibu linaloeleweka) huku logi za fankisheni zinakwambia kila kitu poa, unabaki unatafuta mchawi. 502 hiyohiyo inatoka fankisheni ikipitisha muda wake, na Lambda ukiiacha ilivyo inakupa sekunde 3 tu, sasa kama inaenda kuuliza databesi ya mbali ongeza.

Kingine kidogo lakini kinauma: mtu akituma ?rangi=nyeusi&rangi=bluu, fankisheni inaona bluu peke yake, kwa sababu setingi ya multi value headers (ya kupokea thamani zaidi ya moja kwa jina moja) huwa imezimwa. Ukiiwasha, umbo la rikwesti na la jibu linabadilika pia (inakuwa multiValueHeaders), kwa hiyo usiiwashe kwenye mzigo unaotembea kabla hujabadilisha kodi.

Ruhusa: ukitengeneza kwa konsoli inakuwekea yenyewe, ukitumia komandi laini lazima uiruhusu lodi balansa kuita fankisheni kabla ya kuisajili, la sivyo inagoma. Target group (kundi la wapokea rikwesti nyuma ya lodi balansa) moja inabeba fankisheni moja, na zote ziwe akaunti moja na region moja, yaani huwezi kuweka lodi balansa Cape Town na fankisheni Ireland. WebSocket (mawasiliano yanayobaki wazi muda wote, kama ya chati) sahau. Health check (kucheki kama fankisheni iko hai) imezimwa toka mwanzo, ukiiwasha kila cheki ni kuiita fankisheni na unalipia.

Halafu kuna lile la wengi kwa mpigo. Kawaida akaunti inaruhusiwa miito 1,000 ya fankisheni inayokimbia kwa wakati mmoja kwa region, akaunti mpya inaweza kupewa chini ya hapo, na fankisheni zako zote zinagawana hiyo hiyo, kwa hiyo kale kakazi kako ka kutuma ripoti usiku kanaweza kuikaba ile inayohudumia wateja. Itengee fungu lake hiyo ya wateja.

Na bili, lodi balansa inahesabu kila saa hata asiingie mtu. Kama una wateja kumi kwa siku bora utumie Function URL ya Lambda yenyewe, ipo tangu 2022, hiyo haina bili yake ya pembeni. Ila kama tayari una lodi balansa na seva za zamani nyuma yake, hapo ndo panaponoga: weka seva na Lambda kwenye ruli moja kwa uzito, Lambda ianze na 5, seva 95, halafu ukodolee macho 413 na 502 siku mbili tatu kabla hujaongeza.