Kabla hujasoma muda wa klipu za Ableton kwa Python

Tuseme una projekti ya Ableton Live, programu ya kutengenezea muziki, na unataka Python ikwambie kila klipu (kipande cha sauti) inaingia sekunde ya ngapi, labda unapanga taa za stejini au video ifuate kiitikio. Usikimbilie kodi kwanza.

Sevu projekti, maana faili la projekti, lile la .als, lina kile ulichosevu tu, halafu tumia kopi. Faili lenyewe ni XML iliyobanwa kwa gzip kwahiyo hakuna laibrari ya kuinstoli, gzip na ElementTree zinakuja na Python.

Sasa penye mtego ni hapa. Namba ya CurrentStart na CurrentEnd, yaani klipu inapoanza na inapoisha, sio sekunde, ni biti, ile midundo ya muziki! Mimi jioni nzima iliniishia hapo, klipu imeandikwa 32 na mimi naisubiri sekunde ya 32 kumbe kwa tempo ya 96 ishaingia tangu sekunde ya 20, na hesabu yenyewe ni ya darasa la nne, zidisha biti mara 60 gawa kwa tempo. Ila hiyo ni kama tempo imetulia. Kama prodyuza kaiotomeiti ipande katikati itabidi ukokotoe kipande kwa kipande, kwahiyo muulize mapema. Tempo iko ndani ya MasterTrack, lakini kwenye Live 12 wameibadili jina ikawa MainTrack, skripti ya zamani itatafuta wee isipate kitu.

LoopStart na LoopEnd ndio vigeugeu kabisa: klipu ya odio ikiwa na warp (Live inaivuta ifuate tempo) zinasomeka kwa biti, ikiwa haina zinasomeka kwa sekunde, so cheki IsWarped kwanza.

Kingine, ukizoa AudioClip zote utachanganya za Session (klipu za kurusha moja moja) na za Arrangement (zilizopangwa kwenye mstari wa muda), na za Session hazina nafasi yoyote kwenye mstari wa wimbo. Chukua zilizo chini ya ArrangerAutomation. Angalia na Disabled, klipu iliyozimwa bado imo humo. Thamani zote zinakuja kama maandishi, zipitishe kwenye float ziwe namba.

Halafu jaribu na kaprojekti kadogo kwanza, tempo 120, midundo minne kwa baa, klipu moja kwenye baa ya 5. Rula ya Live inaanza kuhesabu 1 ila faili linaanza 0, kwahiyo unatakiwa upate biti 16, sekunde 8. Ikija 20 au 10, ujue umehesabu kwa rula.