Kuhamisha vitabu vya kale bila kuhama na wadudu wake

Juzi tumemaliza kushusha vitabu vya mzee mmoja mkutubi hapa Nairobi, kutoka ghorofa ya tatu hadi jengo jingine. Vingi ni rika moja na maktaba ya McMillan pale Banda Street, iliyofunguliwa mwaka 1931: majalada ya ngozi, kurasa zilizogeuka kahawia. Naandika kabla sijasahau.

1. Kwepa mvua. Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba, kaa ulipo.

2. Pima rafu za huko uendako, kwa mita, si kwa idadi ya vitabu. Kila kitabu kipate kikaratasi chenye namba ya rafu yake mpya. Andika kwa penseli. Kalamu ya wino isivuke mlango.

3. Vumbi. Kibane kitabu kikiwa kimefungwa, upige brashi laini kutoka mgongoni kwenda nje. Glavu za pamba sizipendi kabisa: vidole vinakuwa vizito na kurasa zinararuka. Nawa mikono, ikauke, basi. Ukikuta kuvu, hapo vaa barakoa na glavu za mpira, na kitabu hicho ukitenge.

4. Friza. Ukiinua kitabu ukakuta vitundu na unga mwembamba kama wa mbao iliyokerezwa, mna mabuu. Usipulizie dawa ya mende. Kifunge kwa plastiki mbili, kamua hewa, kiweke kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Visibanane, maana baridi ikiingia polepole wadudu wengine huizoea. Weka kipimajoto ndani. Usiamini kitufe cha friza. Stima ikipotea na barafu ikaanza kulainika, hesabu inaanza upya. Yetu ilipotea siku ya tisa, na mzee akanitazama kama niliyeikata mimi.

Kuvu haifi humo, inalala tu. Picha za zamani za vioo na maandishi ya juu ya ngozi usiyaingize.

Sasa kosa langu la miaka ya nyuma. Nilikitoa kitabu na kukifungua papo hapo. Unajua chupa ya soda inavyotoa jasho ikitoka kwenye friji? Jalada jekundu lililoa, rangi ikabaki viganjani mwangu. Nilikesha nikipachika karatasi za kunyonya maji kati ya kurasa, moja moja. Siku hizi plastiki haifunguliwi hadi saa 24 zipite, jasho liishie nje.

5. Majalada yaliyoachia yafunge kwa utepe wa pamba. Raba bendi huyeyuka na kugandia. Selotepu huacha doa la manjano lisilotoka. Mimi hununua marikani Biashara Street, naifua mara mbili wanga utoke, kisha naikata vipande virefu vya upana wa sentimita mbili. Fundo likae upande wa kurasa, si mgongoni. Ngozi inayomwaga unga mwekundu ivishwe kwanza karatasi isiyo na asidi. Gazeti hapana.

6. Maboksi madogo, ya kubebwa na mtu mmoja. Vitabu vilale, au visimamie mgongo. Vikisimamia ukingo wa kurasa, uzito unazing'oa jaladani. Mwenye pikapu atakwambia maboksi makubwa yanaokoa safari. Mwache aseme. Boksi litakalopangwa kwanza lipakiwe mwisho.