Badili nafasi ya rangi kwenye nodi ya mwisho

Ukipokea video iliyorekodiwa kwa S-Log3 (mfumo wa kamera za Sony unaorekodi picha iliyofifia ili kuhifadhi mwanga na vivuli), usikimbilie kuweka LUT (jedwali la kubadili rangi) ya Rec.709, kiwango cha rangi cha televisheni za HD, kwenye nodi ya kwanza, yaani hatua ya kwanza ya kuchakata picha, kwa sababu mara nyingi LUT hiyo hukata mwanga unaozidi upeo wake, na hakuna marekebisho baada yake yatakayorudisha mawingu yaliyokwisha kuwa meupe pe. Katika DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, nodi ya kwanza ibadili S-Gamut3.Cine (nafasi ya rangi, yaani wigo wa rangi, wa kamera) na S-Log3 kwenda DaVinci Wide Gamut na DaVinci Intermediate (wigo mpana wa rangi na mkunjo wa mwangaza wa programu hiyo), nodi ya mwisho ibadili kwenda Rec.709 yenye gama (mkunjo wa mwangaza wa skrini) 2.4, na kazi yote ya rangi ifanyike katikati. Kipimo changu ni kanzu nyeupe iliyopigwa juani: ukipunguza mwangaza kati ya nodi hizo mbili, mikunjo na darizi za shingoni hurudi, ilmradi kamera yenyewe haikuzidiwa; ukipunguza baada ya LUT, unabaki na kijivu kitupu. Hakikisha pia kwamba usimamizi wa rangi wa mradi mzima haujawashwa, la sivyo picha itabadilishwa mara mbili na nyuso za watu zitaiva wekundu usio wao.